Kiroboto wa Bi Madeleine

Saa moja na robo asubuhi, Vénantie Nininahazwe anagonga mlango wa chumba namba sita mara mbili, anasubiri kidogo, kisha anaingia bila kuwasha taa. Anavuta pazia nusu. Mwanga wa Mei unaingia hadi kitandani, na kichwa chenye mvi nyeupe pee kinageuka juu ya mto.

"C'est toi, ma puce?" sauti inauliza. Ni wewe, kiroboto wangu?

"C'est moi, Madame," anajibu Vénantie. "Ni mimi. Umelalaje?"

Bi Madeleine, mwenye umri wa miaka 89, anatoa mikono yote miwili chini ya blanketi na kuinyoosha mbele, maana anajua kinachofuata. Vénantie huanza na mikono. Anachovya kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu, anakikamua, anampangusa kidole kimoja kimoja bila haraka, kisha uso, kisha shingo.

Baada ya dakika ishirini bibi huyo yuko mezani, amevaa sweta ya kijivu, kahawa yake ya maziwa ikiwa kwenye bakuli. Wazee wengine wanane wa ghorofa hiyo wanatumia vikombe.

"Kwao kahawa ya asubuhi inanywewa kwenye bakuli," Vénantie anaeleza huku akipaka mkate siagi. "Zamani alikuwa anaimimina kwenye bakuli la uji, na sisi tunaandika kwenye faili: leo amechanganyikiwa. Kumbe sisi ndio tulikuwa hatujui."

Vénantie, 47, ni msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya kulelea wazee iliyo umbali wa dakika tano kwa miguu kutoka kituo cha Akalla, mwisho wa njia ya buluu ya treni za chini ya ardhi jijini Stockholm. Anaishi Tumba, upande wa pili kabisa wa jiji. Anapanda treni mbili kwenda na mbili kurudi, zaidi ya saa mbili kwa siku, siku tano kwa wiki.

Wenzake kazini wanasema aliokoa maisha ya Bi Madeleine. Yeye hapendi wakisema hivyo.

"Niliuliza maswali tu, kaka," anamwambia mwandishi wa makala hii. "Tena kabla ya kuuliza, nilikwenda chooni nikalia."

Alizaliwa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambao watoto wake huzungumza Kiswahili kabla ya kujua kuwa kuna lugha nyingine. Nyumbani mama yake alimsemesha Kirundi. Shuleni alikuta Kifaransa, lugha ya ubao na chaki, na ya fimbo kwa aliyekosea. Alikuwa na miaka kumi na saba vita vilipowafikia. Familia ilivuka mpaka kuingia Kigoma, na kambini Vénantie akakaa miaka kumi na moja.

Aliletwa Sweden mwaka 2007 na shirika la wakimbizi. Kwa miaka sita alisafisha ofisi za kampuni za kompyuta pale Kista, jirani na Akalla, akijifunza Kiswidi jioni, kisha akasomea kazi ya kulea wazee. Kifaransa hakikumfaa popote.

"Nilikiweka kama nguo ya harusi," anasema. "Unajua ipo, lakini utaivaa wapi?"

Januari mwaka jana alihamishiwa ghorofa ya pili, na huko ndiko alikomkuta Bi Madeleine.

Bibi huyo alizaliwa Ufaransa. Alifika Stockholm mwaka 1959 akiwa na miaka 23, ameolewa na mhandisi Mswidi, na kwa miaka mingi alikuwa fundi wa kushona magauni. Mumewe alishafariki. Ugonjwa wa kusahau ulipomshika, ulianza kumnyang'anya Kiswidi, neno baada ya neno, mpaka kikaisha. Kilichobaki ni Kifaransa, na katika nyumba nzima hapakuwa na mtu wa kumjibu.

Hata binti yake wa pekee hakuweza. Rebecka, 59, anafanya kazi katika kampuni moja pale Kista na humtembelea mama yake mara tatu kwa wiki. Hajui Kifaransa.

"Nilipokuwa mdogo, mwalimu aliwaambia wazazi wangu kwamba lugha mbili zitanichanganya," Rebecka anasema. "Mama akatii. Akaacha kunisemesha lugha yake. Sasa ananisemesha, na mimi nakaa pale namwangalia mdomo."

Tatizo kubwa lilikuja kila siku saa tisa alasiri. Bi Madeleine alisimama, akavaa koti lake, akaenda kwenye mlango wa kutokea na kuupiga kwa viganja. Alilia maneno yaleyale: le poussin amebaki nje, le poussin atakufa kwa baridi, nifungulieni, Chantemerle, Chantemerle.

Wauguzi walitumia simu kutafsiri. Simu ikasema kwamba poussin ni kifaranga. Kuhusu Chantemerle ikawaambia habari za ndege mweusi anayeimba.

"Tukaona basi, alikulia shambani, anakumbuka kuku wao," anasema Aron, muuguzi kiongozi wa ghorofa hiyo, kijana mrefu mwenye wazazi kutoka Eritrea. "Tukamnunulia kifaranga cha kitambaa, cha manjano. Tukampigia sauti za ndege kwenye kompyuta. Tulidhani tunamsaidia."

Bi Madeleine alikitupa kifaranga cha kitambaa ukutani. Akaacha kula. Mkate wake aliukunja kwenye karatasi ya kufutia mikono na kuutia mfukoni mwa sweta, na mtu akijaribu kuutoa, alimng'ata. Katika miezi mitatu alipungua kilo sita. Daktari akapendekeza dawa kali ya kumtuliza, na kama isingetosha, ahamishiwe nyumba nyingine ambako hata milango ya vyumba hufungwa kwa ufunguo.

Hapo ndipo Vénantie alipoanza kazi ghorofani.

Siku ya kwanza alimsalimia kwa Kifaransa. Bi Madeleine, alipomaliza kuoshwa, aliinua mkono wake uliolowa, akamgusa shavu na kusema: "Merci, ma puce."

Vénantie alilijua neno hilo tangu darasa la nne. Lilikuwa kwenye somo la usafi, pamoja na chawa na kunguni.

Anaweka kikombe chake cha chai mezani anapofika hapa.

"Watu wengine wangecheka. Mimi nilikumbuka nyumbani. Kwetu, kaka, kabla watu hawajaja kuvunja mlango wetu, kwanza walituita wadudu. Walituita hivyo wiki nzima, barabarani, kwenye bomba la maji. Mtu akianza kukuita mdudu, unajua kinachofuata. Nikaona, hata huku? Hata bibi niliyetoka kumwosha?"

Alijifungia chooni akalia. Jumapili yake, baada ya ibada pale Tumba, alimsimulia Emery, mwalimu wa kwaya, Mkongo wa Bukavu aliyesoma Ubelgiji. Emery alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akashika kichwa na kucheka mpaka watu wakageuka.

"Dada Vénantie! Huyo mama amekupenda!"

"Kwa kuniita kiroboto?"

"Kabisa! Wale, wakipenda mtu wanamfanya mnyama. Mke wake ni swala. Mtoto wake ni sungura, ni kifaranga. Hata mbwamwitu, hata bata! Mimi mwenye nyumba wangu Liège, mama mzee, aliniita sungura wake miaka minne. Kilo mia na tano, mimi, sungura!"

Vénantie anasema alitembea kutoka kanisani hadi nyumbani akijisemea neno hilo polepole, ma puce, ma puce, kama mtu anayejaribu kiatu. Alipofika kwenye ngazi za nyumba yao alisimama ghafla.

"Nikakumbuka. Mama yangu aliniita akanyana. Ni ndama mdogo wa kike, kwa Kirundi. Aliniita hivyo mpaka siku alipofariki kambini, na hata siku moja sikuwahi kufikiri kwamba ananiita mnyama. Ndipo nikajiuliza: huyu kifaranga aliyebaki nje, ni kuku kweli?"

Jumatatu, saa tisa alasiri, Bi Madeleine alipovaa koti, Vénantie naye alivaa lake. Hakumzuia. Alisimama naye mlangoni.

"Le poussin yuko nje?" alimuuliza.

"Yuko nje! Na giza linaingia!"

"Ana umri gani?"

"Miaka sita," alisema Bi Madeleine, kama anamjibu mtu mjinga.

"Amevaa nini?"

"Koti la buluu. Kifungo kimoja hakipo. Niliahidi kukishona."

"Na yuko wapi, Madame?"

"Chantemerle."

"Chantemerle ni ndege?"

Bi Madeleine aliacha kupiga mlango. Aron, aliyekuwa nyuma yao akisukuma kigari cha dawa, anasema hiyo ndiyo mara ya kwanza alipomwona bibi huyo akicheka.

"Ndege?" alisema. "Wewe kiroboto, una akili kweli? Chantemerle ni kwetu."

Vénantie alikwenda moja kwa moja kwa Aron. Alimwambia kwamba kuna mtoto, mtu kabisa, na kuna kijiji, na kwamba asubiri kidogo kabla ya kuanza dawa.

"Sikuwa na mamlaka ya kumbishia daktari," anasema Aron. "Lakini nilimpigia simu nikaomba wiki mbili. Akanipa."

Kwa siku nane zilizofuata, Vénantie alitembea na Bi Madeleine kwenye ukumbi wa ghorofa, kutoka mlango mmoja hadi mwingine, wote wawili wamevaa makoti, akiuliza njia. Ukitoka Chantemerle unapita wapi? Shule iko upande gani? Kila jina alilotajiwa aliliandika kwenye kijidaftari alichozoea kuandikia maneno magumu ya Kiswidi. Pré-aux-Oies, uwanja wa mabata bukini. Gué-aux-Biches, kivuko cha swala. La Croix-aux-Loups, msalaba wa mbwamwitu.

"Simu yetu ilikuwa inatafsiri kila kitu," anasema. "Bibi alikuwa anatuelekeza nyumbani kwao, sisi tunasikia zizi la wanyama."

Alimpelekea Rebecka kijidaftari hicho siku yake ya mapumziko. Walikutana saa ya chakula cha mchana katika jengo la maduka la Kista na kukaa kwenye benchi karibu na duka la viatu. Rebecka alijua kwamba mama yake alikuwa na mdogo wake aitwaye Annick. Alijua pia kwamba dada hao waligombana kwa barua baada ya mama yao kufariki. Ugomvi ulikuwa juu ya nyumba, na hawakuandikiana tena kwa miaka arobaini. Rebecka mwenyewe alikuwa amepelekwa kijijini kwao mara moja tu, akiwa na miaka minne. Hakukumbuka jina. Pasipoti ya mama yake ilitaja mji wenye hospitali alikozaliwa, basi.

"Nilijua nina mama mdogo," anasema Rebecka. "Sikujua kama bado yu hai. Nilimwogopa mama kumuuliza, na nilipoacha kumwogopa, hakuwa na uwezo tena wa kunijibu."

Walifungua ramani ya Ufaransa kwenye kompyuta ya Rebecka. Chantemerle zilikuwa nyingi kupita kiasi. Kila mkoa ulionekana kuwa na yake. Lakini Chantemerle yenye msalaba wa mbwamwitu upande mmoja na kivuko cha swala upande mwingine ilikuwa moja tu, kwenye mto mdogo, upande wa magharibi. Rebecka alipoipata, alimgeuzia Vénantie kompyuta aone mwenyewe.

Barua kwa ofisi ya kijiji waliiandika palepale. Vénantie alitunga, Rebecka akapiga chapa. "Kifaransa cha darasa la kumi," anasema Vénantie, akicheka. "Nimeandika 'mheshimiwa' mara tano."

Wiki mbili za daktari zilipita, jibu likawa bado. Aron akaomba siku saba zaidi. Siku ya kumi na tisa ofisi ya kijiji ikajibu: Annick, 83, mjane, anaishi katika nyumba ileile. Namba ya simu ilikuwa chini ya barua.

Mazungumzo ya kwanza yalipangwa Alhamisi, saa tisa kasoro dakika kumi. Rebecka aliweka kompyuta mezani. Uso wa mwanamke mzee ulitokea kwenye kioo, macho mekundu, miwani imepanda juu ya paji. Bi Madeleine alimtazama. Akamgeukia Vénantie.

"Huyu bibi kizee ni nani?"

Annick alisikia. Akafunika mdomo kwa kiganja. Rebecka alisimama akaenda dirishani. Anasema alitaka kuzima kila kitu na kuomba radhi.

Vénantie akafanya jambo ambalo hadi leo hajui lilimjia vipi. Aliinama mbele ya kompyuta na kumwomba Annick afunge picha, abaki na sauti tu. "Dada yako anamtafuta mtoto wa miaka sita," alimwambia. "Ukimwonyesha uso huo, hatakujua. Muite kama ulivyokuwa unamwita."

Kioo kikawa cheusi. Kisha sauti nyembamba ikasema:

"Ma biche? Ni mimi, kifaranga."

Bi Madeleine alishika ukingo wa meza.

"Uko wapi?"

"Niko nyumbani."

"Umeingia ndani?"

"Nimeingia, swala wangu. Zamani sana."

"Umefunga mlango?"

"Nimefunga."

"Miguu yako?"

"Ina joto. Nimeiweka karibu na jiko."

"Umekula?"

"Nimekula supu."

Bi Madeleine alipumua. Akakaa vizuri kwenye kiti. Akatia mkono mfukoni mwa sweta, akatoa ule mkate uliokunjwa kwenye karatasi, akaufungua, akaanza kuula. Aliula wote, mbele yao, na makombo akayaokota kwa kidole.

Baadaye Annick aliwaeleza kilichotokea. Majira ya baridi alipokuwa na miaka sita, Madeleine, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, aliachiwa amwangalie. Akaingia ndani kumaliza kushona, akamsahau mdogo wake kule kivukoni. Baba yao alimkuta mtoto giza limeshaingia, amekaa chini ya mti, ameganda mikono. Alilala na homa siku tatu, akapona.

"Sikupoteza hata ukucha," Annick alimwambia Vénantie kwenye simu. "Mimi nilishasahau. Na yeye amelibeba lote hilo hadi Stockholm!"

Mambo hayakunyooka moja kwa moja. Kesho yake saa tisa, Bi Madeleine alivaa koti tena. Alikuwa amesahau kwamba kifaranga alishaingia. Kwa hiyo Annick hupiga simu kila siku, saa tisa kasoro dakika kumi, hata Jumapili na sikukuu. Kila siku anaulizwa kama amefunga mlango, na kila siku anajibu kwamba amefunga. Zipo siku Bi Madeleine hamtambui yeyote, hata sauti. Lakini dawa kali haikuanzwa, na kilo tano kati ya sita zimerudi. Kuhusu nyumba waliyogombania, hakuna aliyeitaja.

Rebecka sasa anajifunza Kifaransa kila Jumanne jioni. Wiki ya tatu ya masomo alimpigia Vénantie simu kazini, analia na kucheka kwa pamoja. Utotoni mama yake alikuwa na neno moja tu alilolibakiza, ambalo yeye alilisikia kama lappen, yaani kiraka kwa Kiswidi.

"Nilidhani ananiita kiraka kwa sababu yeye ni fundi wa nguo," anasema Rebecka. "Miaka hamsini nimekuwa kiraka. Kumbe alikuwa anasema lapin. Nilikuwa sungura wake."

Katika nyumba ile ya Akalla, fomu ya kumpokea mzee mpya imeongezewa maswali mawili ambayo Vénantie aliyapendekeza: utotoni uliitwa nani, na nyumbani kwenu panaitwaje. Mzee mmoja kutoka kaskazini mwa Sweden alikataa katakata kujibu la kwanza, kisha kesho yake akamnong'oneza Vénantie sikioni. Vénantie hajamwambia mtu.

Nyumbani Tumba, mambo yanakwenda taratibu zaidi. Tiana, binti yake wa miaka kumi na sita, husemeshwa Kiswahili na Kirundi, naye hujibu Kiswidi. Mwandishi alipomuuliza kwa Kiswahili kama anaielewa kazi ya mama yake, alijibu kwa Kiswidi kwamba anaielewa yote, akaongeza kwa Kiswahili, "Lakini mdomo wangu ni mzito," kisha akarudi kwenye simu yake.

Vénantie hamlaumu. Anasema hofu yake ni nyingine.

"Nimeona lugha zinavyoondoka. Ya mwisho kuingia inatoka ya kwanza. Kwangu kitaanza kuondoka Kiswidi, kisha Kifaransa, kisha hiki Kiswahili tunachoongea. Nitabaki na Kirundi cha mama yangu, hapa Tumba, na mlezi wangu labda atatoka nchi nisiyoijua."

Julai hii ana likizo ya wiki nne. Siku tano za mwanzo atakuwa Chantemerle pamoja na Rebecka, kwa mwaliko wa Annick. Baada ya hapo atapanda ndege na Tiana hadi Bujumbura, safari yake ya kwanza kurudi tangu alipokimbia, na kutoka huko watakwenda hadi kilima alikozaliwa mama yake. Kinaitwa Rwintare, yaani kwa simba.

"Tutakipanda kwa miguu," anasema. "Kila kijito na kila bonde tutakalopita nitamtajia jina lake, na yeye ataliandika."

Kwa Kirundi au kwa Kiswidi?

Vénantie anainuka, maana kengele ya chumba namba tatu imelia. Anafunga vizuri kamba za aproni yake.

"Aandike anavyotaka," anasema. "Mimi nataka siku nitakapoanza kuyaita majina yale, mtoto wangu aweze kuniambia: ndiyo, Mama, napajua. Nimefika."